Salfa

Mwezi wa sita, umande haujakauka,
Kitangari nzima inanuka kiberiti.
Mashine zinanguruma migongoni mwa vijana,
vumbi la njano linapanda mikorosho hadi vileleni
na hakuna anayeuliza: kwani mti unaumwa?
Hauumwi. Ndiyo maana unapuliziwa.
Ubwiri ukishauona, umechelewa.
Hilo hata mtoto wa chekechea anakwambia.

Mimi nina daftari.
Elfu thelathini kwa kaya, watu sita, mwaka mzima.
Nyumba arobaini na moja tangu Jumatatu,
majina saba.

Mzee Chikoleka kanipa sahani ya ming'oko, kanipa na kigoda.
"Mwaka juzi nililipa," akasema, "sikuugua hata mafua.
Hela ikaenda hivihivi."
Kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kuku.
Nikamwambia, baba, kutokuugua ndiyo faida yenyewe.
Akanyoosha kiganja, akakitazama kitupu:
"Iweke hapa niione."

Mama Nachipa hakunifungulia hata mlango.
"Sijautaja ugonjwa, nao haunijui.
Nenda na karatasi zako."

Mpojola alizima pikipiki kwa heshima.
"Dada Somoe, mnada wa kwanza tu, mwezi wa kumi. Mimi huyu!"
Namfahamu huyo Mpojola wa mwezi wa kumi:
halewi, hakopi, halipi kwa kuchelewa.
Kijijini hapa hakuna aliyewahi kukutana naye.
Aliyepo ni yule wa mwaka jana,
aliyeuza magunia mawili kwa kangomba, nusu bei,
korosho zikiwa bado maua,
kwa sababu noti ya leo ina harufu
na ya kesho ni maneno.

Binti Litunu aliuliza swali moja tu:
"Nani mwingine kaandikwa?"
Nikafungua. Akalikuta jina la Asumini,
ambaye hawasalimiani tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba.
Akaingia ndani, akatoka na hela imefungwa kwenye pindo la kanga.
"Niandike na wanangu wote. Juu yake."
Nikamwambia nafasi ya juu imejaa.
"Basi andika kwa herufi kubwa."

Na wakati wa kampeni, uwanja wa mnadani,
tabibu wetu alisimama na orodha:
glovu, dawa za presha, tenki la maji la chumba cha kujifungulia.
Alisoma vizuri, kwa hesabu, kwa asilimia.
Watu wakaanza kuangalia simu.
Akapanda mgombea. Hakuwa na namba hata moja.
Alimtaja mwanamke mmoja tu, kwa jina,
aliyejifungulia juu ya baiskeli njia ya Mnyambe usiku wa mvua,
akaahidi gari lenye king'ora.
Akakiiga king'ora kwa mdomo.
Uwanja ukalipuka.

Nilipiga makofi.
Mimi, ninayejua kabati la zahanati lilivyo jeupe ndani,
ninayejua kwamba gari linakunywa mafuta na mafuta hayana fungu,
viganja vyangu viliniwahi.
Nililia pia. Nadhani nililia kwanza.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi ya kijiji,
salfa imenigeuza mikono kuwa ya njano.
Mkobani mna kipimo cha presha.
Mwaka huu kimeshika mikono mia mbili na kitu:
ya Chikoleka, ya Litunu, ya mgombea mwenyewe,
aliyecheka, kisha akaomba namba isiandikwe.

Mama yangu alianguka akichota maji,
upande wa kulia ukamkataa.
Nina umri wake wa siku ile, na miezi minne.
Asubuhi kichwa kinanigonga kwa nyuma, pale pale
alipokuwa akijikanda na mafuta ya nazi akisema ni jua.

Natoa mkanda. Naukunjua, naukunja.
Ng'ambo ya barabara, kijana anapulizia mkorosho wa mwisho,
taratibu, tawi kwa tawi,
kama anayemvika mtu.

Ni jua tu hili.
Ngoja kwanza nimalize nyumba za huku chini.